Kabla ya Kuuliza Urefu wa Bwawa, Uliza Ratiba

Mazungumzo ya leo yanahusu mabwawa ya kuogelea ya umma, na namna ya kuyapima kwa jicho la mtu mmoja ambaye wajenzi na mameneja humsahau mara nyingi. Huyu haendi bwawani kupunga upepo wala kupiga picha. Anakwenda kuogelea ukuta hadi ukuta, kwenda na kurudi, nusu saa au saa nzima, kwa ajili ya moyo wake, mgongo wake au mashindano yake. Nitamwita mwogeleaji wa masafa. Akiuliza mjini bwawa gani ni zuri, hujibiwa kwa sifa za jengo: lile lina mita 50, hili ni jipya, lile vigae vyake vinang'aa. Mimi nasema sifa hizo zina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Ubora wa bwawa kwa mtu huyu hutokana kwanza na uendeshaji: saa ngapi kwa wiki kamba za njia zinafungwa, watu wanapangwaje ndani ya njia, na maji yanatunzwaje kutwa nzima. Bwawa la mita 25 linaloendeshwa vizuri hulishinda mbali bwawa la mita 50 lililoachwa lijiendee. Kauli hii ina wapinzani, na baadhi yao wana hoja nzito. Tutafika kwao.

Tuanze na urefu, maana huko ndiko majivuno yaliko. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, upana wa mita 25, na njia zenye upana wa mita mbili na nusu kila moja. Hata likiwa na kina cha mita 2 tu, hubeba lita milioni mbili na nusu za maji. Ni kweli kwamba urefu hubadilisha kuogelea kwenyewe. Katika mita 1,500 mtu hugeuka ukutani mara 29 kwenye bwawa la mita 50, na mara 59 kwenye bwawa la mita 25, na kila mgeuko ni msukumo wa miguu na pumziko dogo la mikono. Ukitaka kujua ukuta unasaidia kiasi gani, tazama rekodi za dunia za wanaume kwa masafa hayo. Mmarekani Bobby Finke aliogelea kwa dakika 14 na sekunde 30.67 katika bwawa refu la Paris mwaka 2024. Mjerumani Florian Wellbrock alitumia dakika 14 na sekunde 6.88 katika bwawa fupi la Abu Dhabi mwaka 2021. Hizo ni karibu sekunde 24 za tofauti, na sehemu kubwa yake imetoka ukutani. Kwa hiyo kijana anayejiandaa kwa mashindano ya bwawa refu anahitaji bwawa refu, na hapo sibishani na mtu.

Lakini hebu tulitazame bwawa hilohilo la Paris. Kina chake kilikuwa mita 2.15, pungufu ya mita 3 ambazo wataalamu wa mbio huzipenda, na siku za mwanzo za michezo ile watu walilalamika kwamba ni bwawa zito, lisilotoa rekodi. Ndimo humohumo Finke akaweka rekodi ile ya dunia, na Mchina Pan Zhanle akaogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40, kasi ambayo hakuna mwanadamu aliyekuwa ameifikia. Nenda tena Barcelona, kwenye ubingwa wa dunia wa mwaka 2013, ambako bwawa lilikuwa la muda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walichambua matokeo wakaona dalili za mkondo wa maji: waogeleaji wa njia za upande mmoja walikwenda haraka zaidi wakielekea ukuta mmoja kuliko wakirudi. Mambo haya huamua medali zinazotofautiana kwa sehemu za mia za sekunde. Karani wa benki anayetaka kuogelea kilomita moja kabla ya kuingia kazini hayamgusi hata kidogo. Kinachomgusa ni kama atapata nafasi ya kunyoosha mkono bila kumpiga mtu kichwani.

Na nafasi hiyo inahesabika. Chukua njia moja ya bwawa la mita 25. Waogeleaji wakiwa wengi huzunguka, wakienda upande mmoja wa mstari mweusi ulio chini na kurudi upande wa pili, kwa hiyo mzunguko mzima ni mita 50. Weka humo mtu anayeogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 40, na mwingine anayetumia dakika 2 na nusu. Wote wawili ni watu wa kawaida kabisa, huwakosi katika bwawa lolote la mjini. Wa kwanza anakwenda mita moja kwa sekunde, wa pili theluthi mbili za mita. Mwenye kasi atamfikia mwenzake kila dakika mbili na nusu. Katika nusu saa atamfikia mara 12. Kila mara, ama asimame, ama ampite katikati ya njia akihatarisha kugongana na anayekuja. Mwenye mwendo wa taratibu naye anasikia mtu akimgusa nyayo, anababaika, anameza maji. Hakuna kati yao aliyepata zoezi.

Sasa wahamishie watu haohao kwenye bwawa la mita 50. Mzunguko umekuwa mita 100, na atamfikia kila dakika 5. Ni nafuu, hakika. Ila warudishe kwenye bwawa fupi, kisha umtoe yule wa dakika 2 na nusu na mahali pake umweke mtu wa dakika 2 kamili. Mwenye kasi atamfikia kila dakika 5 vilevile. Msikilizaji, hesabu hiyo ndiyo kiini cha ninachosema leo: kuwapanga watu kwa kasi kumeleta nafuu ileile iliyoletwa na kuongeza urefu wa bwawa maradufu. Njia moja ya kupata nafuu hiyo inadai uchimbaji, zege, pampu kubwa na mabilioni ya shilingi. Nyingine inadai vibao vitatu vya mbao na mtu wa kuvisimamia.

Katika mabwawa ya umma ya Uingereza vibao hivyo ni jambo la kila siku. Mwanzoni mwa kila njia kimesimama kibao kinachosema ni ya polepole, ya wastani au ya haraka, na mshale unaoonyesha mzunguko uende upande gani. Njia zinazopakana hupewa mizunguko inayopingana, ili watu wawili wanaotenganishwa na kamba wawe wanaelekea upande mmoja na mikono yao isikutane uso kwa uso. Utaratibu huu haumalizi ugomvi, kwa sababu binadamu hujipima vibaya, na wanaume hasa hujipandisha daraja bila kuombwa. Ndiyo maana kibao peke yake hakitoshi. Panahitajika mwokoaji au mhudumu mwenye ruhusa ya kumwambia mteja, kwa adabu, ndugu yangu hamia njia ya pili. Pasipo na mtu mwenye mamlaka hayo, kibao ni pambo.

Na kamba zenyewe. Kuna mameneja wanaoamini kwamba mistari iliyochorwa chini ya maji inatosha kuitwa njia. Haitoshi. Bila kamba, mtoto anayevuka kuelekea ngazi hana cha kumzuia, na mawimbi ya kila mmoja humfikia kila mmoja. Kamba nzuri hufungwa maboya yenye mapezi yanayozunguka na kuvunja wimbi. Adolph Kiefer, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya mita 100 mtindo wa mgongo huko Berlin mwaka 1936, alikuja kujulikana baadaye kwa kutengeneza na kuuza kamba za aina hiyo, na mchango huo huenda umewafaa waogeleaji wengi kuliko medali yake. Pamoja na kamba kuna vitu vidogo: bendera zinazotundikwa juu ya maji mita 5 kabla ya ukuta ili anayeogelea kwa mgongo ajue umbali uliobaki, na saa kubwa ya ukutani yenye mkono wa sekunde. Bwawa lisilo na bendera humlazimisha mtu wa mgongo kugeuza shingo kila mara, au kuujua ukuta kwa utosi wake.

Mji unaofundisha jambo hili kwa ukamilifu ni New York. Kiangazi cha mwaka 1936, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, mji ule ulifungua mabwawa 11 makubwa ya umma, kwa fedha za mpango wa serikali ya shirikisho wa kuwapa watu ajira, chini ya meya Fiorello La Guardia na mkuu wa bustani Robert Moses. Lile la Astoria, mtaa wa Queens, lina urefu wa futi 330, karibu mita 100, mara mbili ya bwawa la Olimpiki, na sehemu ya majaribio ya kuchagua timu ya Olimpiki ya Marekani ilifanyika hapo mwaka 1936 na tena 1964. Kwa kipimo cha jengo, ni vigumu kumpata mshindani wake. Kiingilio ni bure. Lakini nenda siku ya joto mwezi Julai, mchana, wakati umma umejaa, uone kama utaogelea hata mita 20 kwa mstari ulionyooka. Watu wamejaa tele majini, watoto wanarukaruka, na ndivyo inavyopasa kuwa, maana mabwawa yale yalijengwa kuwapoza wakazi wa vyumba vya joto. Ukubwa haukumsaidia mwogeleaji wa masafa kwa lolote.

Kilichomsaidia ni ratiba. Idara ya bustani ya mji ikatenga vipindi katika baadhi ya mabwawa hayo, asubuhi kuanzia saa 1, kabla ya bwawa kufunguliwa kwa umma saa 5, na jioni umma unapotoka, kwa ajili ya wanaoogelea ukuta hadi ukuta tu. Bwawa ni lilelile, maji ni yaleyale, lakini kwa saa moja na nusu linakuwa kitu kingine. Kisha ukaja mwaka 2022. Marekani nzima ilikumbwa na uhaba wa waokoaji, mji ukakosa watu wa kutosha wa kukaa kwenye viti vile virefu, na miongoni mwa vilivyofutwa msimu huo vilikuwa vipindi vya njia pamoja na masomo ya bure ya kuogelea. Hakuna tofali lililobomoka. Futi 330 zilibaki futi 330. Ila kwa mwogeleaji wa masafa bwawa lilikuwa limefungwa, kwa sababu ratiba imekufa na ratiba imekufa kwa sababu mshahara wa mwokoaji haukuvutia vijana. Mji wenyewe ulilazimika kuupandisha kiangazi hichohicho. Anayetaka kusifu au kulaumu bwawa aanzie kwenye daftari la mishahara.

Baada ya saa na njia, maji. Hapa watu wengi hupima kwa pua, na pua huwadanganya. Harufu kali tunayoiita ya klorini huchukuliwa kuwa dalili ya usafi: bwawa linanuka dawa, basi dawa imewekwa. Ukweli unakaribia kuwa kinyume. Kinachonuka hasa ni kloramini, zao la klorini inapokutana na jasho, mkojo na uchafu wa ngozi. Klorini iliyo huru, ile inayoua vijidudu, ikiwa ya kiwango sahihi hainuki sana. Kwa hiyo bwawa linalokufanya utoe machozi ukiwa bado langoni linakuambia kwamba klorini yake imetumika kupambana na watu. Kloramini hutanda juu ya maji, palepale mwogeleaji wa masafa anapovuta pumzi, na yeye huvuta pumzi nyingi na nzito kuliko anayejipoza. Macho mekundu na kikohozi baada ya zoezi vina chanzo hapo. Na kama unadhani habari ya mkojo ni uzushi, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipima katika mabwawa kiongeza utamu kimoja cha viwandani ambacho mwili haukimeng'enyi, hupita moja kwa moja hadi kwenye mkojo. Kutokana na kipimo hicho walikadiria kuwa bwawa moja la lita 830,000 lilikuwa na lita 75 za mkojo. Dawa ya tatizo hilo haimo kwenye pipa la klorini. Ni bafu lililo njiani, lenye maji yanayotoka kweli, na mhudumu anayehakikisha kila mtu ameoga kabla hajaingia.

Sisi wa Afrika Mashariki, ambao mabwawa yetu mengi yako wazi, tuna bahati ya upepo unaoondoa hewa hiyo. Lakini jua letu lina gharama yake: mwanga wa mchana hula klorini huru ndani ya saa chache, isipokuwa imechanganywa na dawa ya kuikinga. Bwawa lililopimwa saa 12 asubuhi na kukutwa salama linaweza kufika saa 9 alasiri likiwa halina kinga ya maana, hasa kama watoto 60 wameingia katikati. Kwa hiyo swali la kumuuliza msimamizi ni mara ngapi kwa siku maji yanapimwa. Kipimo chenyewe ni kichupa na matone yanayobadili rangi, kazi ya dakika chache. Kiwango cha pH kinatakiwa kiwe kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita. Anayekwambia anapima kwa macho, mwamini kwamba hapimi.

Macho yana kazi yake, lakini ni nyingine. Simama ukingoni, tazama chini upande wa kina kirefu. Kama huoni waziwazi tundu la kutolea maji lililo sakafuni, usiingie, na usimruhusu mtoto wako aingie. Mwezi Juni 2011, katika bwawa la umma la mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts, mwanamke mmoja alizama na mwili wake ukakaa majini siku mbili huku watu wengine wakiendelea kuogelea, kwa sababu maji yalikuwa na ukungu kiasi cha kutoona chini. Waokoaji walikuwepo kazini. Kipimo hiki hakihitaji chombo wala elimu, na kinatangulia vyote nilivyovitaja.

Joto la maji nalipitia haraka. Mashindano huogelewa katika nyuzi 25 hadi 28, na hapo ndipo mwili wa anayejituma hupoa vizuri. Mtoto anayejifunza na mzee mwenye maumivu ya viungo wanataka maji ya moto zaidi. Bwawa moja haliwezi kuwaridhisha wote, na meneja anayejaribu hupata maji ya vuguvugu yanayomchosha mmoja na kumtetemesha mwingine. Dar es Salaam tatizo ni kupoza. Nairobi mwezi Julai ni kinyume chake.

Sasa wapinzani. Wa kwanza atasema: unadai saa na njia kwa ajili ya watu wachache wenye afya njema, wakati watoto wetu hawajui kuogelea kabisa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa takribani watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati, na watoto wadogo wakiwa wengi mno. Ikibidi kuchagua kati ya somo la mtoto na zoezi la karani wa benki, mtoto atangulie, bila mjadala. Lakini mara chache inabidi kuchagua. Saa 12 asubuhi mtoto yuko njiani kwenda shule, na saa 2 usiku yuko nyumbani. Hata mchana, anayejifunza anahitaji maji ya kifuani, upande mmoja wa bwawa. Ratiba inayowatengea wote ni ileile inayowalinda wote, na mwokoaji anapokosekana, kama New York ilivyoonyesha, somo la mtoto na njia ya mtu mzima hufutwa siku moja.

Mpinzani wa pili yuko pwani, naye ananicheka. Bahari iko hapo, haina kiingilio, mabwawa ya nini? Namheshimu, na nakiri kwamba bahari ina sifa moja ambayo mabwawa mengi hayana: ratiba yake haivunjwi. Kila mvuvi wa Kunduchi au Nungwi anajua maji yatajaa saa ngapi kesho. Ila ratiba hiyo husogea karibu dakika 50 kila siku, haijali saa ya kuingia kazini, na wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, hata mtu akatembea juu ya matumbawe mwendo mrefu kabla hajapata maji ya kiunoni. Bahari ni mahali pazuri pa kuogelea na pabaya pa kupima maendeleo, kwa sababu haina ukuta wala mita, na haina mwokoaji aliyekaa juu akikutazama.

Liko jambo jingine ambalo wapinzani wote wawili husahau. Kwa wanawake wengi wa Mombasa, Zanzibar na kwingineko, bwawa lisilo na saa za wanawake peke yao ni bwawa lisilokuwepo, liwe na mita ngapi. Na jambo hili si la pwani yetu tu. Bwawa la ndani la Metropolitan, mtaa wa Williamsburg huko Brooklyn, lilikuwa na saa za wanawake zilizotumiwa sana na Wayahudi washika dini, na mwaka 2016 saa hizo zilizua malalamiko rasmi na mabishano makali magazetini kuhusu usawa mbele ya huduma ya umma. Mwishowe zilipunguzwa, hazikufutwa. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi ule. Lakini angalia waligombea nini: hakuna aliyegombea urefu wala vigae. Waligombea saa.

Wa mwisho atasema nchi zetu ni maskini, tushukuru kwa tulichonacho. Hoja hii naikataa waziwazi, kwa sababu nilivyovitaja ndivyo vya bei ndogo. Ghali ni kile tunachokipenda, yaani jengo. Kituo cha michezo cha Kasarani, Nairobi, kilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987 na kina bwawa la mita 50, na kila serikali katika ukanda wetu inayoota kuandaa michezo mikubwa huota pia bwawa la namna hiyo. Sawa, lijengwe. Ila wengi wetu tutaendelea kuogelea kwenye mabwawa ya hoteli, shule na vilabu, yenye mita 25 au pungufu, mengine yamepindwa kama figo ili yapendeze pichani. La figo halina dawa. Lililonyooka lina dawa: kamba mbili, vibao vitatu, saa ya ukutani, kichupa cha kupimia na kijana aliyefunzwa uokoaji akalipwa inavyostahili. Katika orodha hiyo kitu ghali ni huyo kijana, na kwa kawaida ndiye anayekatwa wa kwanza bajeti ikibana.

Ombi langu kwa mameneja wanaonisikiliza ni dogo. Bandikeni ubao mmoja langoni, si ofisini. Uandikwe saa za njia za wiki hii kwa watu wote, kwa wanawake na kwa wanafunzi. Uandikwe vipimo vya klorini na pH vya leo, vilichukuliwa saa ngapi, na nani alivichukua. Mkibadilisha ratiba, ibadilisheni ubaoni siku moja kabla, msisubiri mteja avue nguo ndipo aambiwe kuna sherehe. Na wewe msikilizaji, ukifika dirisha la tiketi, usiulize bwawa lina mita ngapi, maana hilo utaliona mwenyewe. Uliza kamba zinafungwa saa ngapi na maji yalipimwa lini. Ukijibiwa "tutaona", rudisha pesa yako mfukoni.